Wanawake wa Marekani hawakusubiri mwaka 1920

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Tumeisoma makala ya gazeti lako juu ya wanawake katika historia ya mwanzo ya Marekani, na tumefurahi kuona mada hii imepewa ukurasa mzima. Sisi tunasomesha historia katika skuli za sekondari, Unguja na Pemba. Tunajua kwamba makala za gazeti hukatwa, zikabandikwa daftarini, na mwaka wa mtihani zikarudi kama zilivyo. Kwa hivyo ni bora yaliyokwenda kombo yasemwe mapema.

Makala inampa msomaji picha ya mwanamke aliyekuwa nje kabisa ya siasa hadi 1920, Katiba ilipowapa wanawake kura nchi nzima, mwenye silaha moja tu ya kumnong'oneza mumewe chumbani. Hapo ndipo tunapopingana. Ushawishi wa wanawake wale ulikuwa kazi ya mchana kweupe, yenye orodha za majina, mitaa iliyogawiwa, mshika fedha na siku maalumu za wiki. Unaitwa usio rasmi kwa kuwa sheria haikuutambua, na kwa sababu hiyohiyo mwenye cheo aliweza kuuzima wakati wowote. Mwandishi wa makala ameyaacha yote mawili, nguvu yake na udhaifu wake.

Sheria kwanza, maana bila ya hiyo mengine hayafahamiki. Makoloni 13 yaliyokuja kuwa Marekani yalirithi sheria ya Uingereza, ambayo ilihesabu mume na mke kuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mume. Mwanamke akiolewa, fedha zake na vyombo vyake vikawa mali ya mume, ardhi yake ikasimamiwa na mume, ujira wake ukawa wa mume. Hakuweza kutia saini mkataba wala kufungua kesi kwa jina lake. Msomaji wa hapa lazima asite kidogo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 mwanamke wa Unguja mwenye shamba la karafuu aliolewa na shamba likabaki lake, akaliuza au akaliweka wakfu kwa jina lake mwenyewe, wakati mke wa tajiri wa Boston hakuwa na uwezo huo. Mjane na asiyeolewa, lakini, waliruhusiwa kumiliki, na mwanya huu mdogo ndio uliozaa kioja cha New Jersey ambacho makala haikukigusa hata kidogo.

Katiba ya New Jersey ya 1776 iliwapa kura wakaazi wote watu wazima wenye mali ya pauni 50 waliokaa wilayani kwa miezi 12. Haikusema mwanaume. Sheria ya uchaguzi ya 1790 ikataja wazi mpigakura wa kike kwa baadhi ya wilaya, na ile ya 1797 ikalieneza jambo hilo jimbo zima. Mke wa mtu alibaki nje kwa sababu ya mfuko: pauni 50 zake zilikuwa za mumewe. Wajane na wasioolewa walipiga kura, na watu weusi huru waliofikia kiwango hicho vilevile. Hali hii ilidumu takriban miaka 30. Kilichoivunja ni ugomvi wa jengo. Februari 1807, wilaya ya Essex ilipiga kura kuamua mahakama ijengwe Newark au upande wa Elizabethtown. Kura zilizidi watu, wapo waliorudia zaidi ya mara moja, na ikadaiwa kwamba wanaume walivaa nguo za kike ili wapige tena. Matokeo yakafutwa. Novemba mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha kwamba mpigakura ni mwanaume mweupe mlipa kodi. Udanganyifu ulikuwa wa pande zote na adhabu wakapewa wanawake na weusi. Mwanafunzi anayeandika kwamba wanawake wa Marekani walipata kura mara ya kwanza mwaka 1920 anakosea kwa zaidi ya karne moja, na pia hajui kwamba haki iliyokwisha andikwa inaweza kuchukuliwa.

Sasa chai. Wafanyabiashara wa makoloni, wakipinga kodi za Uingereza, waliweza kuapa kwamba hawataingiza bidhaa zake, lakini kiapo hicho hakina maana ikiwa nyumbani birika bado liko mekoni. Mnunuzi wa chai alikuwa mama wa nyumba. Ndiyo maana mwanzoni mwa 1770 mabibi wa nyumba zaidi ya 300 wa Boston walitia saini ahadi ya kuiacha chai, na siku chache baadaye wakafuata wasichana 126. Tarehe 25 Oktoba 1774, huko Edenton, North Carolina, wanawake 51 walitia saini tamko la kuunga mkono mgomo wa wawakilishi wa jimbo lao, kila mmoja kwa jina lake kamili. London ilicheka. Mwaka 1775 ilichapishwa huko katuni iliyowachora wanawake wa Edenton kama watu wa ovyo. Watu hawahangaiki kumchora mtu asiye na athari.

Nguo zilikuwa kazi ngumu zaidi. Chai ukiiacha umeiacha. Kitambaa cha Uingereza ukikiacha lazima kipatikane kingine. Kwenye kitambaa cha mkono kinachochelewesha ni uzi, kwa sababu mfumaji mmoja anahitaji wasokotaji kadhaa wa kumlisha. Kati ya 1768 na 1770 wanawake wa New England walikutana nyumbani kwa mchungaji wa mtaa, kila mmoja na gurudumu lake la kusokotea na kitani chake, wakasokota tangu asubuhi hadi jioni na kumwachia mchungaji uzi wote. Magazeti yakachapisha idadi ya waliofika na uzi uliopatikana. Kwa wingi wa nguo mikutano ile haikufua dafu, na jeshi liliendelea kutembea na matambara vita vizima vya uhuru. Kwa siasa lakini ilitosha. Kazi ya jikoni na ukumbini ikawa habari ya gazeti, na familia iliyovaa kitambaa kipya cha Uingereza ikaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Makala imewaita wanawake wa zama hizo wapole. Tunaomba mwandishi asome barua ya Abigail Adams kwa mumewe John, aliyekuja kuwa Rais, ya tarehe 31 Julai 1777. Vita vilikuwa vimepandisha bei, Massachusetts ilikuwa imetunga sheria ya kudhibiti bei na ulanguzi, na hakuna aliyeisimamia. Mfanyabiashara mmoja wa Boston, tajiri na bakhili, alikuwa na kahawa ghalani na hataki kuitoa chini ya shilingi 6 kwa ratili. Wanawake wakakusanyika, mia moja au zaidi, wakaja na gari na mikokoteni mpaka ghalani, wakamtaka funguo. Akakataa. Mmoja akamkamata shingoni na kumtupa ndani ya gari. Alipoona hana pa kutokea akatoa funguo. Wao wakalipindua gari, wakamwaga chini, wakafungua ghala, wakaitoa kahawa wenyewe, wakaipakia na kuondoka nayo. Abigail anaongeza kwamba kundi kubwa la wanaume lilisimama pale likitazama, kimya, limeduwaa. Visa vya namna hii vya kupigania bei ya chakula kati ya 1776 na 1779 ni zaidi ya 30, na katika kiasi cha theluthi yake wanawake walikuwa mstari wa mbele. Hawakujiona wezi. Walijiona wanatekeleza sheria ambayo waliokabidhiwa wameilaza.

Tukio ambalo tungependa lisomeshwe kuliko yote, hata hivyo, ni la Philadelphia, 1780, kwa sababu kumbukumbu zake zimebaki na mtu anaweza kuliona likifanya kazi na likikwama. Mei mwaka huo Waingereza waliuteka mji wa Charleston na jeshi la George Washington lilikuwa hoi. Juni, Esther de Berdt Reed, mke wa kiongozi mkuu wa Pennsylvania, akachapisha waraka wa ukurasa mmoja kuwataka wanawake wachangie askari, pamoja na maelezo ya namna ya kuchanga. Kila wilaya ichague mshika fedha wake mwanamke. Aandike daftari la majina na kiasi. Fedha na daftari vipelekwe kwa mke wa gavana wa jimbo. Kutoka hapo viende kwa Martha Washington. Mlolongo mzima, kuanzia mtoaji mpaka kambini, ulipita mikononi mwa wanawake. Katika ukusanyaji wanaume wenye vyeo hawakuwekwa popote.

Mjini Philadelphia kamati ya wanawake kiasi cha 36 iliugawa mji katika maeneo na kupita mlango kwa mlango, wawili au zaidi kwa pamoja. Kuna waliokerwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa upande wa mfalme aliandika kwamba watu walitoa angalau kidogo ili tu waondokewe na wageni hao mlangoni, jambo ambalo mchangishaji yeyote wa leo atalisoma kama sifa. Daftari limehifadhi tofauti ya watoaji: Phillis, mwanamke mweusi, alitoa shilingi 7 na peni 6, Marquis de Lafayette, ofisa Mfaransa katika jeshi la Washington, alitoa gini 100 kwa jina la mkewe aliye Ufaransa. Tarehe 4 Julai Reed alimwandikia Washington kwamba zimepatikana dola 200,580 za noti, pamoja na pauni 625, shilingi 6 na peni 8 za sarafu, jumla dola 300,634 kwa hesabu ya noti. Msomaji asishtuke na ukubwa wa namba. Noti za wakati ule zilikuwa zimeporomoka thamani kiasi kwamba kwa sarafu halisi jumla hiyo haifiki dola 10,000. Hata hivyo ilikuwa nyingi kwa mchango wa wiki chache, na hapa ndipo mgogoro ulipoanza.

Washington alitaka fedha hizo zinunuliwe kitani na kushonwa mashati. Reed alitaka kila askari apewe dola 2 za sarafu mkononi, kitu cha ziada anachokifurahia mwenyewe, kwa sababu mashati ni wajibu wa serikali na majimbo. Ukiangalia vizuri, hii ni hoja ya bajeti: Reed alikataa mchango wa wanawake uzibe pengo la hazina. Washington akajibu kwamba askari watalewa, na jibu lake la pili ndilo zito zaidi, kwamba askari akionja sarafu ataikataa noti anayolipwa kila siku. Reed hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Alikubali, na Septemba akafariki kwa ugonjwa, akiwa na umri wa miaka 33. Sarah Franklin Bache, binti wa Benjamin Franklin, na wenzake wakaikamilisha kazi. Walinunua kitani na kushona wenyewe ili wasilipe fundi, na mwisho wa Disemba wakapeleka mashati zaidi ya 2,000, kila moja likiwa na jina la aliyelishona. Wengi husimulia habari hii kama hadithi ya mashati na wema. Sisi tunaiona zaidi kama kisa cha watu waliokusanya fedha kwa ufanisi kuliko serikali, kisha wakanyimwa neno la mwisho juu ya matumizi yake.

Upande wa kalamu makala imemtaja Abigail Adams peke yake, na imemkosea. Katika barua yake ya 31 Machi 1776 hakuomba kura. Aliomba sheria mpya zisiwape waume mamlaka yasiyo na mpaka juu ya wake zao, yaani aligonga palepale penye ile sheria ya ndoa. Mumewe alimjibu tarehe 14 Aprili kwamba hana budi kucheka. Aliyefika mbali zaidi kwa maandishi ni Mercy Otis Warren wa Plymouth. Tangu 1772 alichapisha tamthilia za kejeli magazetini dhidi ya gavana wa Massachusetts, bila jina. Mwaka 1788, Katiba mpya ilipokuwa ikijadiliwa, alitoa kijitabu chini ya lakabu ya Mzalendo wa Columbia akiipinga: haina orodha ya haki za raia, haina ulinzi wa magazeti wala wa dhamiri, haina ukomo wa kukaa madarakani. Wapinzani wengine walisema hayohayo, na shinikizo lao kwa pamoja lilichangia marekebisho 10 ya kwanza ya 1791. Lakabu ilimlinda, na ikamgharimu pia: kwa zaidi ya miaka 100 kijitabu kile kilihesabiwa kuwa cha Elbridge Gerry, mwanaume, mpaka ushahidi wa barua ulipopatikana katika karne ya 20. Ni mwaka 1790 tu, alipotoa kitabu cha mashairi na tamthilia, ndipo alipoweka jina lake, na mwaka 1805 akatoa historia ya mapinduzi katika juzuu tatu, nayo kwa jina lake.

Na wapo waliokuwa hawana kalamu wala ukumbi. Elizabeth Freeman, mtumwa katika wilaya ya Berkshire, Massachusetts, hakujua kusoma. Katiba ya jimbo ya 1780 ilisema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Akamwendea mwanasheria Theodore Sedgwick na kumtaka aifanyie kazi kauli hiyo. Agosti 1781 baraza la wazee wa mahakama huko Great Barrington likaamua kwamba yeye na mwenzake Brom si watumwa, na kuwapa fidia ya shilingi 30. Kesi hiyo ni miongoni mwa zilizoumaliza utumwa Massachusetts. Tunaiweka hapa kwa makusudi, kwa sababu orodha za wanawake wa mapinduzi huishia kwa wake wa wakubwa.

Hao wake wa wakubwa nao tusiwapunguzie kitu. Makala inasema Dolley Madison, mke wa Rais James Madison, alikuwa hodari wa karamu. Ndiyo, lakini karamu zile zilifanya kazi gani? Washington ya 1809 ilikuwa mji wa tope na majengo yaliyotawanyika. Wabunge waliacha familia makwao na kupanga katika nyumba za kulala na kula, na wa upande mmoja walikaa pamoja, wakala meza moja na kupiga kura pamoja. Kukutana na mpinzani nje ya ukumbi wa Bunge ilikuwa shida. Rais aliyetangulia, Jefferson, alikuwa ameondoa mapokezi ya kila wiki na kubakisha chakula cha jioni cha watu wachache. Dolley akafungua nyumba kila Jumatano jioni, bila kadi ya mwaliko. Aliyejitambulisha vizuri aliingia, awe wa chama cha mumewe au cha upinzani. Watu walijaa mpaka wakabanana, na wakazipa jioni hizo jina linalotokana na kubanana huko. Mwanasiasa aliyekosa Jumatano mbili alijikuta hajui kinachoendelea. Wapinzani walijaribu kuzisusia wakarudi wenyewe. Humo ziliombwa kazi za watoto na shemeji, zikapimwa kura kabla ya kupigwa, na barua za kuomba vyeo zikaandikwa kwa Dolley moja kwa moja, kwa sababu waombaji walijua njia inapita wapi. Vilevile isisahauliwe nani aliyebeba sinia. Nyumba ile iliendeshwa kwa kazi ya watumwa, akiwemo Paul Jennings.

Jennings huyo ndiye anayetusaidia kusahihisha jambo jingine. Si kweli kwamba tarehe 24 Agosti 1814, Waingereza walipoingia mjini, Dolley aliibeba picha kubwa ya George Washington akakimbia nayo. Aliamuru iokolewe na hakutaka kuondoka mpaka itolewe. Fremu ilikuwa imekazwa ukutani, ikabidi ivunjwe, na waliofanya kazi hiyo ni bawabu Mfaransa pamoja na mtunza bustani. Jennings aliyekuwepo aliliandika hilo mwaka 1865.

Nguvu ya kumpokea mtu ina upande wa pili, nao ni kumkataa. Kisa cha Margaret Eaton kimeangukia mistari miwili ya makala kana kwamba ni umbea. Matokeo yake yalikuwa kuvunjika kwa serikali. Januari 1829 John Eaton, rafiki wa Rais mteule Andrew Jackson, alimuoa Margaret, binti wa mwenye nyumba ya wageni, mjane wa miezi michache aliyesemwa vibaya mjini. Eaton akawa Waziri wa Vita. Kanuni ya mji ilikuwa kwamba mtu akikutembelea lazima uirudishe ziara hiyo. Usipoirudisha umemkataa mbele ya watu. Margaret alimtembelea Floride Calhoun, mke wa Makamu wa Rais, na Floride hakuirudisha. Wake wa mawaziri wengine wakamfuata. Mwanamke wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, aliyewahi kufanya shughuli wenzake wasije hahitaji kufafanuliwa. Jackson alikasirika, Septemba 1829 aliwaita mawaziri kikaoni kutetea heshima ya bibi huyo, na hata mpwa wa marehemu mkewe, Emily Donelson, aliyekuwa mwenyeji wa ikulu, alirudishwa Tennessee kwa muda kwa kushikilia msimamo wake. Wake wale hawakutikisika. Waziri mmoja, Martin Van Buren, alikuwa mjane. Hakuwa na mke wa kumzuia, akamtembelea Margaret na kumwalika. Masika ya 1831 baraza zima la mawaziri lilijiuzulu isipokuwa mkuu wa posta. Calhoun, aliyetarajiwa kumrithi Jackson, akapoteza njia. Van Buren akawa Makamu wa Rais na mwaka 1837 Rais. Ugomvi wa sera kati ya Jackson na Calhoun ulikuwepo pia, na hatusemi ziara peke yake ndiyo iliyoamua. Lakini hakuna mwanahistoria makini anayeusimulia utawala ule bila ya ziara hiyo.

Tulitegemea makala ifike kwenye maombi ya maandishi Bungeni, haikufika. Haki ya kuomba imo katika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba na haibagui jinsia. Ni karatasi pekee ya kisiasa ambayo mwanamke aliweza kuitia saini kwa uhalali usio na shaka. Wanawake wa Cherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wametangulia kwa njia yao: Mei 1817 Nanye'hi, anayejulikana pia kama Nancy Ward, na wenzake waliliandikia baraza la taifa lao wakiwasihi wanaume wasiuze ardhi zaidi. Kwao hilo halikuwa jambo geni, kwa sababu cheo cha Nanye'hi kilimpa sauti barazani. Na miongoni mwa Haudenosaunee, wenyeji wa asili wa kaskazini, kina mama wa koo ndio waliowateua machifu na kuwaondoa. Kwa hivyo neno ushawishi usio rasmi liwe kwa wanawake wa Kizungu na weusi tu.

Serikali ya Jackson ilipotaka kuwahamisha mataifa hayo kwa nguvu, Catharine Beecher wa Hartford alichapisha waraka Disemba 1829, bila jina lake, akautuma kwa marafiki wa miji mbalimbali wausambaze kwa posta ili chanzo kisijulikane. Kiasi cha wanawake 1,500 walitia saini maombi. Seneta Thomas Hart Benton aliwakejeli. Sheria ikapita Mei 1830, kwenye Baraza la Wawakilishi la kule kwa kura 102 kwa 97. Walishindwa, ila njia walikuwa wameijua. Miaka michache baadaye ikatumika dhidi ya utumwa kwa wingi usio na mfano. Fomu fupi ilichapishwa, ikabandikwa kwenye karatasi ndefu, ikapita nyumba kwa nyumba. Majina ya wanaume mara nyingi yaliwekwa safu yake na ya wanawake yao, ili wabunge wasiseme kura zimechanganywa na zisizo kura. Mei 1836 Baraza likaamua kwamba maombi yote ya utumwa yawekwe kando bila kusomwa. Uamuzi huo uliwageuza watu wengi waliokuwa hawajali utumwa wakaona sasa haki yao wenyewe imeguswa. John Quincy Adams, Rais wa zamani aliyerudi kuwa mbunge, mwaka 1838 aliwatetea wanawake hao kwa hotuba iliyoendelea kwa siku kadhaa, akitaja wanawake wa Biblia waliojiingiza katika mambo ya dola. Kanuni ilifutwa Disemba 1844. Beecher yuleyule, ajabu, mwaka 1837 alikuwa ameandika kwamba wanawake wasipeleke maombi juu ya utumwa.

Kuna uzi unaotufikia sisi moja kwa moja na tunashangaa gazeti la Zanzibar limeuacha. Chama cha kwanza cha wanawake dhidi ya utumwa huko Marekani kiliundwa Februari 1832 na wanawake weusi huru wa Salem, Massachusetts. Salem ni mji uleule uliotuma meli zake Unguja kuchukua pembe, gundi ya sandarusi na ngozi, na uliomtoa Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani hapa, aliyefika 1837, baada ya mkataba wa 1833 na Sayyid Said. Meli hizo zilileta merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichojaa masoko yetu mpaka bara. Pamba yake ililimwa na watumwa wa Kusini, na katika viwanda vya Massachusetts waliosimamia mashine wengi walikuwa wasichana wa shamba waliohamia mjini kutafuta ujira. Hao wa Lowell, mji wa viwanda wa jimbo hilo, waligoma 1834 ujira ulipokatwa na tena 1836 kodi ya malazi ilipopandishwa. Mara ya kwanza walishindwa, kwa sababu hawakuwa na akiba na kiwanda kilijaza nafasi zao, na mara ya pili walipata sehemu tu ya walichotaka. Wakabadili mbinu. Mwaka 1845 walipeleka maombi ya siku ya kazi ya saa 10, na Sarah Bagley na wenzake wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Mwenyekiti wa kamati, William Schouler wa Lowell, alisema bunge halihusiki. Wasichana wasio na kura wakaendesha kampeni dhidi yake, akaanguka uchaguzi, nao wakawashukuru wapigakura kwa azimio la maandishi. Saa 10 hawakuzipata wakati ule.

Kama sehemu ya pili ya makala itaanza na mkutano wa haki za wanawake wa Seneca Falls wa Julai 1848, ambao tamko lake lilitiwa saini na wanawake 68 na wanaume 32, tunaomba wanawake hao waandikwe kama watu waliokwishazoea kuandaa fomu, kugawa mitaa na kushika daftari, wengi wao katika harakati za kupinga utumwa. Chati ya tarehe iliyo pembeni ya ukurasa nayo irekebishwe: 1776 hadi 1807 kwa New Jersey iongezwe, na 1920 iandikwe kuwa ni haki ya nchi nzima, maana katika majimbo ya Kusini wanawake weusi walizuiwa kwa vikwazo vya usajili hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Kwa upande wetu, chati hiyo ingefaa iongeze mstari mmoja: uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1957 wanawake hawakuwamo, ule wa Januari 1961 walikuwamo. Wapo wasomaji wenu ambao bibi zao walisimama kwenye foleni hiyo.

Wasalaam,

Walimu wa Historia,
Unguja na Pemba